Nilichokikuta tumboni mwa mdoli wangu

Bibi Mshauri, shikamoo. Na kwenu wasomaji wenzangu, Assalaam alaykum.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Nimezaliwa 1976 hapa hapa Tanga, Ngamiani, na barua hii naiandika nikiwa ndani ya nyumba ile ile niliyozaliwa. Naishi na mama yangu mzazi. Ametimiza miaka 79, presha inamsumbua na miguu imechoka, lakini akili yake ni timamu kabisa. Nayatanguliza haya kwa sababu ushauri wowote mtakaonipa, lazima utapita mlangoni kwake.

Masika yalipokwisha tuliamua kubadilisha mabati ya stoo ya uani, maana yalikuwa yamegeuka chekeche. Fundi akataka stoo iwe tupu. Humo mna vitu vya miaka nenda miaka rudi: mbuzi ya kukunia nazi isiyo na mguu, pampu ya baiskeli ya marehemu baba, madumu, na chini kabisa sanduku la bati alilokuwa nalo baba enzi zake za bandarini, limefungwa kamba ya katani. Nilidhani ni nguo kuukuu. Nilipoinua kifuniko harufu ya naftalini ilinipanda puani, na cha kwanza kukiona kilikuwa gari la waya la kaka yangu.

Mama hakuwahi kutuambia kwamba alivihifadhi vitu vyetu vya kuchezea. Sisi tulijua vilitupwa zamani. Kumbe vyote vilikuwamo: gololi ndani ya soksi, pia mbili za mti, kete za komwe, hata ngalawa tuliyoichonga kwenye kandambili iliyoletwa na maji pale Sahare. Gari la waya lilikuwa limeliwa na kutu, kwa hewa yetu hii ya chumvi sikushangaa, na magurudumu yake, nayo ya kandambili, yalikuwa yamekauka, ukiyagusa yanameguka. Mwanangu wa mwisho hakuuliza chochote. Alichukua kisu, akakata magurudumu mapya kwenye kandambili zake mwenyewe, na jioni ile gari lilikuwa linazunguka uani, usukani wake mrefu ukimfika kifuani, naye anatoa mngurumo kwa mdomo sawasawa na mjomba wake alivyokuwa akitoa. Nilisimama mlangoni machozi yakanitoka kwa furaha. Laiti sanduku lingeishia pale.

Chini ya vyote alikuwamo mdoli wangu.

Wanaoikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini watanielewa. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni. Mdoli wa dukani nani angemuuza, na nani angemnunua? Wangu alishonwa na msichana aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani. Alitoka milimani, Usambara, na sidhani kama alikuwa amevuka miaka 15. Nyumba nzima tulimwita Dada tu. Nasema kwa aibu kwamba jina lake nimelijua mwaka huu. Alimjaza mdoli sufi aliyoichota kwenye mto uliochanika. Nywele akamwekea za mkonge, akazisuka mistari mitatu. Nguo akamkatia kwenye kanga iliyochakaa, na kwenye sketi zikabaki herufi za jina la kanga ile: AMA. Alinikalisha karibu yake mkekani akanifundisha kutunga uzi, kufunga fundo, kuvuta bila kukunja kitambaa. Mishono yake ilikuwa midogo, imelala sawasawa kama sisimizi wanaohama.

Sasa nilipomwinua mdoli stoo, nilimwona mzito. Sufi haina uzito. Nikampapasa, tumboni mna kitu kigumu, na ubavuni pana mshono mwingine, wa uzi mweupe, mkubwa mkubwa, umepinda. Wa mkono wangu. Sikuwa nimesahau, Bibi Mshauri. Nilikuwa nimejizoeza kutokumbuka. Nikachukua wembe nikafumua, sufi ikamwagika mapajani, na katikati yake kikaanguka kigari cha chuma cha kijani, kidogo, kinafichika chote kiganjani. Rangi imebanduka kwenye pembe, lakini magurudumu yanazunguka bado. Chini kimeandikwa Matchbox.

Kigari kile kilikuwa cha binamu yangu wa Mombasa. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977, mwaka ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ulipofunguliwa tena mwishoni mwa 1983 ndugu wa upande wa pili wa Horohoro wakaanza kuja kututazama, wengine hatujawahi kuonana nao. Likizo ya 1984 shangazi alifika na wanawe, na sabuni, na vitambaa, na binamu wa rika langu akiwa na kigari mfukoni. Kila mtoto wa kiume mtaani alipewa zamu ya kukisukuma pale barazani. Mimi nilipoomba niliambiwa magari ni ya wavulana, nenda kacheze na mdoli wako. Mchana watu walipolala nilikichukua, nikamfumua mdoli ubavu, nikakitia ndani ya sufi, nikamshona kama nilivyofundishwa.

(Hivi karibuni nimesoma kwamba Mwingereza aliyeanzisha vigari hivi, Jack Odell, alianza kwa kumtengenezea binti yake. Shuleni kwa mtoto yule waliruhusiwa kuleta kitu cha kuchezea kinachoenea ndani ya kiberiti tu, na ndiko lilikotoka jina. Kumbe cha kwanza kilikuwa cha mtoto wa kike. Sijui nimeyarudia mara ngapi maneno hayo.)

Kigari kilipotafutwa kikakosekana, mimi hakuna aliyeniuliza. Mgeni analia, shangazi kanuna, mama amefedheheka mbele ya wifi yake. Macho yote yakaelekea jikoni. Mama alilichukua furushi la Dada akalikung'uta ukumbini mbele ya wageni na majirani: gauni mbili, kanga moja, kitana, kipande cha kioo, barua ya kwao iliyokunjwa mara nyingi hadi imechanika kwenye mikunjo. Kigari hakikuonekana. Ikasemwa kashakiuza sokoni. Kulipokucha alipelekwa stendi, na mishahara yake ya miezi miwili ikazuiwa iwe fidia.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mdoli kifuani. Kabla hajatoka, Dada alinijia kuniaga. Alimchukua mdoli mikononi mwangu, nadhani alitaka kumtazama tu. Akauona ule uzi mweupe. Kidole gumba chake kikapita juu ya mshono, kikabonyeza tumbo, kikatulia. Akanitazama. Kisha akaivuta sketi ya mdoli ikaufunika mshono, akanirudishia, akasema, "Mlee vizuri mwanao." Akaondoka.

Kwa miaka mingi nilijiambia labda hakujua. Lakini aliyenifundisha kushona aukose mshono wangu? Alijua, na akanyamaza. Labda aliona hakuna atakayemwamini, mdoli ni wa mtoto wa nyumba na yeye ni mtumishi. Labda aliogopa nitapigwa. Hili la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Nikaanza kuulizia. Bibi mmoja jirani aliyekuwapo siku ile bado ana habari zake: aliolewa, ana wajukuu, yuko Soni anauza matunda na mboga. Nikamuaga mama kwamba naenda msibani Lushoto, uongo juu ya uongo, nikapanda basi hadi Mombo, kisha gari la kupandisha mlima. Nilimpata bila shida. Nilimtambua kwa kovu la mkono wa kushoto; tui linalochemka lilimmwagikia jikoni kwetu, na nakumbuka alivyokuwa akilipepea kwa kipepeo cha jiko huku chakula kinamngoja. Mbele yake alikuwa na maparachichi ya mafungu, karoti, kabichi. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nikasema, "Shikamoo dada, fungu bei gani?" Akaitikia, akaniambia. Nikanunua mafungu mawili. Akaniongezea parachichi mbili juu, akasema, "Hizi za watoto." Nikashukuru, nikageuka, nikapanda gari nikarudi Tanga. Mdoli alikuwamo kwenye mkoba muda wote, sikumtoa.

Nimewaeleza watu watatu, na kila mmoja kanivuta upande wake.

Mume wangu anasema yaliyopita si ndwele. Nilikuwa na miaka minane, mtoto hana hesabu. Namwelewa, na kwa kukichukua kigari huenda ni kweli. Lakini tangu nibaleghe imepita miaka zaidi ya 30 nami nimenyamaza, na huko kunyamaza si kwa mtoto. Darasani tunafundishwa kwamba dhambi iliyo baina yako na Mola wako utaitubia, ila haki ya mja haimaliziki mpaka mwenyewe akuridhie. Dada yuko hai, yuko safari ya nusu siku kutoka hapa. Siku akitangulia yeye, au mimi, nitakwenda kwa nani?

Kaka yangu, mwenye gari la waya, anasema nikimwambia mama nitamuua. Mama ni mtu wa ibada, na jambo lile alilifanya akiamini anatenda haki. Nikimweleza leo, akiwa na miaka 79, kwamba alimkung'utia nguo mtoto wa watu hadharani bila kosa na akamla jasho lake, presha yake itafika wapi? Kaka anataka niende Soni kimya kimya, nimpe Dada pesa, yaishe, mama asijue.

Binamu wa Mombasa nilimpigia simu nimwambie kigari chake kimepatikana. Akauliza, "Kigari kipi?" Hakumbuki kabisa. Nikambembeleza kidogo, likizo ile, barazani, Land Rover ya kijani. Wapi. Akaniambia nimpe mwanangu achezee. Nilipokata simu nilikaa chini.

Ushauri wa kaka ningeufuata kama jambo hili lingekuwa limelala. Halijalala. Tangu 1984, kila msichana anayekuja kutusaidia kazi, mama humhadithia siku ya kwanza: "Hapa niliwahi kuibiwa na mmoja wenu." Kabati lake lina kufuli, ufunguo anaufunga kwenye ncha ya kanga. Na msichana akiaga kwenda kwao, mama anataka begi lifunguliwe alione. Wamepita wasichana wengi, na mimi, mwenye kujua, nimesimama pembeni begi zikifunguliwa, nikijisemea ndiyo mazoea ya wazee. Huyu tuliye naye sasa ana miaka 19, ametulia, anawapenda wanangu. Amemtengenezea binti yangu mpira wa matambara wa kuchezea rede. Anakwenda kwao Handeni, na juzi mama kashaniambia: "Kabla hajatoka nikague begi lake."

Kuhusu pesa, nako nimekwama. Dada alikuwa analipwa shilingi 200 kwa mwezi. Hizo 400 walizomzuilia, leo pengine utapata maandazi mawili. Siwezi kumpelekea hizo. Nimewaza nimpe mishahara ya miezi miwili kwa kiwango ninachomlipa msichana wa sasa. Hesabu hiyo ni ya haki, au nizidishe? Na nikianza na bahasha, si ataona nimekuja kununua radhi kama nilivyonunua yale mafungu? Nikienda mikono mitupu, nako nitakuwa nimempelekea maneno matupu mtu ambaye jasho lake lililiwa. Mdoli je, nimpe? Ni kazi ya mikono yake. Au kumtoa mdoli mbele yake ni kumrudisha ukumbini kwetu siku ile?

Bibi Mshauri, na ninyi wasomaji, hasa mliowahi kufanya kazi kwenye nyumba za watu, au ambao mama zenu walifanya, naomba mniambie. Ungekuwa wewe ndiye Dada, ungetaka nije? Ungetaka nije na mama, kama miguu yake itakubali, au peke yangu? Na kwa mama nianze vipi, maana kumwacha aendelee kukagua begi za watoto wa wenzie kwa kosa langu siwezi tena, na kumvunja moyo uzeeni nako siwezi. Kaka anasema nianze Soni. Moyo wangu unaniambia nianze hapa nyumbani, ila nikifika mlangoni kwa mama nikamwona anavuta tasbihi, narudi nyuma.

Msichana wetu anasafiri Jumamosi ya wiki ijayo. Mkinijibu kabla ya siku hiyo nitashukuru sana.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga