Gambia imesema kuhusu Myanmar, sisi je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu Myanmar. Jeshi lilipindua serikali iliyochaguliwa tarehe 1 Februari 2021, na tangu hapo nchi inawaka moto: vijiji vinachomwa, ndege zinadondosha mabomu hadi kwenye shule, na Julai 2022 wanaharakati wanne waliuawa kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Warohingya (jamii ya Waislamu walio wachache nchini humo) zaidi ya 700,000 walikuwa tayari wamekimbilia Bangladesh.

Aliyeishitaki Myanmar kwa ajili ya Warohingya hao katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Novemba 2019, ni Gambia. Nchi ndogo ya Afrika, iliyoonja miaka 22 ya utawala wa Yahya Jammeh aliyeingia kwa mtutu!

Sisi wa Kilolo tunaijua Mgagao, walikopokelewa wapigania uhuru wa Zimbabwe miaka ya 1970. Wazee wetu hawakuuliza kwao ni umbali gani. Naiomba serikali yetu iseme wazi, na gazeti lako lituletee habari za watu hawa mara kwa mara, siyo tetemeko likitokea tu.

Msomaji wako,
Kilolo, Iringa