Warsha za mawakili zinakwepa akaunti ya wateja

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu mawakili waliokwenda pwani kufunzwa maadili na afya ya akili imenikera, na nimenyamaza kuhusu warsha hizi kwa miaka mingi. Mlitueleza hoteli, mgeni wa heshima na mada. Hamkuuliza walirudi ofisini na nini zaidi ya alama.

Wakili wa Kenya hutakiwa kupata alama 5 za mafunzo endelevu kwa mwaka, na cheti chake cha kuhudumu hukoma Desemba 31, ndiyo maana mwisho wa mwaka kumbi hufurika. Maadili hufundishwa asubuhi. Afya ya akili husukumwa hadi saa nane mchana, watu wameshiba, na karatasi ya mahudhurio inazunguka mtoa mada akiwa bado anaeleza jinsi ya kuvuta pumzi. Utadhani mambo hayo mawili hayahusiani.

Chukua ploti ya shilingi milioni 6. Mnunuzi kwa kawaida hutoa amana ya asilimia 10, na hizo 600,000 hushikwa na wakili wa muuzaji, aghalabu kwa siku 90, hadi uhamisho ukamilike. Ziko kwenye akaunti ya wateja, si zake. Mwisho wa mwezi unafika, karani hajalipwa, mwenye jengo anadai kodi, na mteja aliyeahidi ada hashiki simu. Wakili anachomoa 80,000 akijiambia atazirudisha Ijumaa. Hazirudi. Siku ya kukamilisha mauzo anaziba pengo kwa amana ya mteja mwingine, na tangu hapo kila faili jipya linalipia la zamani. Usingizi unamruka. Anakwepa simu, anakosa tarehe za kesi, anaanza kunywa mchana. Simtetei, kwa kuwa pesa hizo ni za mtu aliyeuza ng'ombe ili apate shamba. Lakini sijaona warsha hata moja ikimfunza wakili kulinganisha kila mwezi daftari lake la fedha, jumla ya leja za wateja na taarifa ya benki. Hesabu tatu hizo zisipowiana, pengo linaonekana likiwa bado 80,000, kabla halijawa milioni 3.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba hakuna pa kusemea. Katika warsha moja mwaka jana, kijana aliuliza afanye nini mtu aliyegusa pesa za mteja na sasa anataka kuzirudisha. Aliyemjibu ni mtu anayesikiliza kesi za nidhamu, naye alimsomea adhabu. Nani atauliza tena? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliohusisha mawakili karibu 13,000, ulikuta asilimia 28 wana dalili za sonona, na moja ya sababu kubwa za kutotafuta msaada ilikuwa hofu ya kujulikana. Huko kuna programu za kuwasaidia mawakili, na kanuni ya mfano 8.3(c) ya chama cha mawakili wa huko, ABA, haimlazimishi wakili kuripoti makosa ya mwenzake aliyoyajua kwa kushiriki humo.

Na wanagenzi je? Wanakaa ofisini miezi sita ya mafunzo, wengi bila malipo, wakikimbizwa masjala na mahakamani, huku wakubwa wao wakienda kufunzwa kupumzika. Hao ndio wanaojifunza sasa hivi, kwa macho yao, jinsi akaunti ya wateja inavyoguswa.

Waandaaji waache pwani mwaka mmoja tu. Waende Kitale au Garissa, wakalishe watu 10 kwenye meza moja, kila mmoja na taarifa ya benki ya miezi mitatu, majina ya wateja yamefutwa, na mhasibu asiondoke hadi hesabu zilingane. Chumba cha pili akae mshauri nasaha ambaye si wakili na haandiki majina. Ifanyike Machi, aliye na pengo abakiwe na miezi ya kuliziba.

Wakili, Nakuru