Ailime na kuitunza: barua kuhusu miti ya kanisani

Mpendwa rafiki,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata. Kwa hiyo kamati imekuachia Jumapili ya mazingira, na inataka mahubiri pamoja na miche 500. Nianze na miche. 500 ni mingi mno. Kawaombe wapunguze, iwe 30.

Piga hesabu nao. Mche mchanga wakati wa kiangazi unataka kama lita 20 kwa juma, ukigawiwa mara mbili. Miche 500 ni madumu 500 kila juma, kiangazi chote, na kiangazi kinachofuata vilevile. Nani atayabeba? Siku ya kupanda hakosekani mtu. Ni mwezi wa tatu baada ya hapo ndipo mashimo yanapobaki na vijiti, na kanisa linasema shetani wa ukame.

Na hapo ndipo penye mahubiri yako. Mwanzo 2:15 inasema Mungu alimweka mtu bustanini “ailime na kuitunza”. Ni vitenzi viwili, na makanisa mengi huishia kwenye cha kwanza. Kile cha kwanza kwa Kiebrania ni *abad*, kulima, lakini pia ni kutumika, kama mtumishi. Cha pili ni *shamar*, kulinda. Hesabu 3:7-8 inavitumia vyote viwili kwa kazi ya Walawi kwenye hema ya kukutania, kwa hiyo mwenye jembe bustanini na Mlawi hemani wamepewa kazi kwa maneno yaleyale. *Shamar* ndilo neno lililo katika baraka ya Haruni, “akubarikie, na kukulinda”, na ndilo alilolikwepa Kaini aliposema yeye si mlinzi wa ndugu yake.

Yupo atakayekurushia Mwanzo 1:28, kwamba tumeambiwa tuitiishe nchi na kutawala. Usiikwepe aya hiyo. Mpeleke Ezekieli 34:4, ambako kitenzi hichohicho cha kutawala kinatumika kuwakemea wachungaji waliotawala kundi kwa nguvu na ukali. Torati nayo inaonyesha utawala huo una mipaka: shamba lipumzike mwaka wa 7 (Walawi 25), na jeshi likiuzingira mji lisiikate miti yake ya matunda (Kumbukumbu 20:19). Ukibakiwa na muda, soma 2 Nyakati 36:21. Nchi ilinyimwa sabato zake, ikaja kuzichukua zote kwa mkupuo, miaka 70, watu wakiwa uhamishoni. Mimi ningeishia hapo. Dakika ishirini zinatosha, maana kazi iko nje.

Sasa tarehe. Tarehe 1 Septemba iliwekwa kuwa siku ya kuombea uumbaji na Patriaki wa Kiorthodoksi, Dimitrios wa Konstantinopoli, mwaka 1989, na mwaka 2015 Papa Fransisko akaitangaza kwa Wakatoliki pia. Makanisa mengi huendeleza hadi 4 Oktoba, siku ya Fransisko wa Asizi. Ni majuma mazuri ya maombi, lakini miti haijui kalenda ya kanisa. Kama Septemba kwenu ni kavu, itumieni kuchimba mashimo, na miche isubiri kitaluni. Pandeni mvua ikishashika, udongo ukiwa umelowa hadi kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Mvua ya kwanza huwa inadanganya: inanyesha siku mbili, inakata juma tatu.

Shimo la mti wa matunda liwe sentimita 60 kwa 60, na kina 60. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe kando peke yake, wa chini upande mwingine. Kabla ya kuendelea, mimina ndoo mbili za maji shimoni. Kama kesho yake bado yamesimama, hapo mizizi itaoza. Tafuta mahali pengine. Kwenye udongo wa mfinyanzi, sepetu huacha kuta laini kama chungu, na mizizi ikifika pale inageuka na kuzunguka. Zikwaruze kwa ncha ya jembe. Changanya udongo wa juu na debe moja la mboji iliyoiva. Mbichi haifai, wala samadi mbichi: inachemka na kuunguza mizizi, majani yanakauka kuanzia kingoni, na mtu anadhani ni kiu, anazidisha maji.

Kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, ndicho kinachoua miche mingi. Mwagilia mche kwanza, udongo wake ushikamane. Ushike kwa chini, usiunyanyue kwa shina. Chana kiriba kwa wembe toka juu hadi chini, kivue chote, halafu geuza ule mche utazame kitako chake. Mche uliokaa sana kitaluni utakuta mzizi mkuu umejikunja kama ndoano. Ukate kwa kisu kikali pale unapoanza kupinda. Watu huona huruma, wanauacha. Mti huo utakua mwaka mmoja au miwili, kisha utadumaa, au upepo utaulaza, na lawama atabebeshwa aliyeuza miche. Uso wa udongo uliokuwa ndani ya kiriba ulingane na uso wa udongo mpya. Shina likifukiwa, gome linaoza. Shindilia kwa viganja, si kwa kisigino. Zungushia tuta dogo la kushika maji, weka matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 10, ila yaache nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Na kama kuna mbuzi, uzio uwe tayari kabla ya mche.

Kisha hesabu viriba. Miche 30, viriba 30 virudi mkononi mwako. Kupamba kiwanja cha kanisa kwa plastiki siku ya kuombea uumbaji ni aibu. Baada ya umati kushiba, Yesu alisema wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu (Yohana 6:12), na vile vilikuwa vya mkate.

Maji yatoke kwenye paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita 15 kwa 10, upana ukipimwa chini na si kufuata mteremko, ni mita 150 za mraba. Mvua ya milimita 20 inaleta lita 3,000. Toa zinazomwagika na kuruka, utakinga kama 2,500. Mvua nne za namna hiyo zinajaza tangi la lita 10,000, na miti 30 kwa lita 600 kwa juma inakunywa humo majuma 16. Ndiyo sababu nilisema 30. Mifereji ya bati iteremke sentimita 1 kwa kila mita, isituamishe maji. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu wa mbu, na bomba la maji yanayofurika lielekezwe mbali na msingi. Likiachwa lidondoke palepale, maji yanachimba chini ya tangi mpaka tangi linainama.

Mikaratusi ikiletwa, isipandwe karibu na chemchemi au kisima, inakunywa mno.

Zamu za kumwagilia wape watu kwa majina, mti kwa mti, kabla ya siku ya kupanda. Darasa la kipaimara lisiachiwe peke yake: wakishapata kipaimara wanaondoka.

Nitumie urefu na upana wa paa lenu, idadi ya miezi mnayokaa bila mvua, na jibu la zile ndoo mbili shimoni. Nikivipata nitakuambia kama 30 inaweza kufika 40.

Wako katika Kristo,
Rafiki yako