Barua ya wazi kwa vijana wanaoomba na bado wanaanguka

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Mmekuwa mkinijia mmoja mmoja, wengine baada ya ibada, wengine kwa simu usiku, na swali lenu ni lile lile ingawa kila mmoja ana namna yake ya kulisema: "Mzee, nimemwomba Mungu aniondolee dhambi hii, mbona narudi kule kule?" Nani aliniambia nini kitabaki kwangu. Ila swali ni la wengi, na najua wako ambao hawajathubutu kuliuliza, ndiyo maana nawajibu wote kwa pamoja.

Niseme wazi ninachoamini. Wengi wenu hamkosi kuomba. Mnaomba mkiwa mmechelewa.

Utazameni usiku wa Gethsemane. Yesu alipowaambia Petro, Yakobo na Yohana, "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni, roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu," bustani ilikuwa imetulia. Yuda alikuwa hajafika na lile kundi la watu wenye panga na marungu. Hakuna kijakazi aliyekuwa amemuuliza Petro neno lolote. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa ya kuomba, saa isiyoonyesha hatari yoyote, macho yakiwa mazito kwa usingizi. Petro akalala. Jaribu lilipofika alishika upanga, kisha akakimbia, kisha akafuata kwa mbali, na kabla jogoo hajawika alikuwa amemkana Bwana wake mara tatu, mwishoni kwa kulaani na kuapa. Na ndiye yule aliyesema usiku uo huo kwamba hata wote wakichukizwa, yeye hatachukizwa kamwe. Hakuwa akidanganya. Alimpenda Yesu kweli, na alimaanisha kila neno. Upendo wake ulikuwepo, ile saa moja ya kukesha ndiyo iliyokosekana.

Sasa tujitazame sisi. Mtu anakumbuka kuomba mlango ukiwa umefungwa, simu iko mkononi na kidole kimeshafungua ukurasa. Au glasi imeshajazwa. Au neno la kumuumiza mwenzake limeshafika kwenye ulimi. Hapo ndipo anasema "Bwana, nisaidie." Siidharau sala hiyo hata kidogo. Petro alipoanza kuzama alilia, "Bwana, niokoe," na mara ile ile akashikwa mkono. Mungu wetu husikia hata kilio cha dakika ya mwisho. Lakini ukiifanya hiyo kuwa sala yako pekee, utakuwa umemwachia jaribu nafasi yote ya kujipanga, nawe huna maandalizi yoyote.

Sala aliyotufundisha Bwana mwenyewe ina ombi la mapema: "Na usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu." Tunaliimba na kulitamka kwa haraka mno. Ni ombi la mtu anayeijua njia yake vizuri, anayejua ni wapi huwa anateleza, na anaomba asifike hapo kabisa.

Basi ombeni asubuhi kwa ajili ya usiku, tena mtaje jambo kwa jina lake. "Bwana, nisamehe makosa yangu yote" ni sala njema, lakini kwa mtu anayepambana na jambo moja inaweza kuwa maficho. Jaribu kuomba hivi: "Baba, leo saa nne usiku nitakuwa peke yangu chumbani. Wewe wajua nitakachotamani kutazama. Sehemu ya moyo wangu inakitamani hata sasa ninapoomba. Nipe kuiacha simu sebuleni kabla sijachoka, maana nikichoka sina nguvu." Au kwa anayebeti: "Bwana, mshahara unaingia kesho, na mkono wangu unawasha. Nionyeshe leo nani nimkabidhi hizo hela kabla sijazishika." Mtaona aibu mara za kwanza. Ombeni hivyo hivyo na aibu yenu. Mungu hasikii habari mpya mnapoitaja dhambi, ni sisi tunaoanza kuiona ilivyo.

Hapo nimegusa jambo linaloniumiza zaidi katika mazungumzo yetu, nalo ni kuomba kuondolewa kitu ambacho bado tunakipenda. Augustino, yule aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, alieleza kwamba katika ujana wake alimwomba Mungu ampe usafi wa mwili na kujizuia, lakini akaongeza kwamba asimpe bado. Alikiri kuwa aliogopa Mungu asije akamjibu upesi. Alibatizwa mwaka 387, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka thelathini. Nikiwasikiliza baadhi yenu nalisikia ombi lake, ila hamlisemi kwa sauti kama yeye. Mnaomba mtoke katika uhusiano usiofaa, na namba ya mtu huyo mmeihifadhi kwa jina lingine ili isijulikane. Kama hutaki kuacha, usimfiche Mungu. Mwambie, "Bwana, sitaki, nipe kutaka." Hiyo ni sala halali. Daudi alipoamka kutoka katika dhambi yake hakuomba tu afutiwe kosa, aliomba apewe moyo: "Ee Mungu, uniumbie moyo safi, uifanye upya roho iliyotulia ndani yangu." Na kumbukeni alichelewa kufika hapo. Uria, mume wa Bathsheba ambaye Daudi alizini naye, alikuwa ameuawa, mtoto wa Bathsheba alikuwa ameshazaliwa, na mfalme bado amekaa kimya mpaka nabii Nathani alipotumwa kwake.

Kuna jambo jingine ambalo najua halitawapendeza wote. Siku hizi kila udhaifu unatafutiwa pepo. Hasira ina pepo wake, uzinzi una pepo wake, hata uvivu. Ninaamini Shetani yupo na anafanya kazi. Lakini Yakobo ameandika kwamba kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa. Mkishinda mkikemea roho za nje usiku kucha na tamaa ya ndani haijaguswa, mtarudi nyumbani mmechoka na sauti zimekauka, na tamaa itakuwa pale pale. Tamaa haikemewi. Inaungamwa, inanyimwa chakula chake, na Roho Mtakatifu anaigeuza polepole.

Polepole, wanangu. Najua mnatamani siku moja tu ya kufunga na kuomba imalize yote. Kwa wengine Mungu hufanya hivyo na tunamshukuru. Kwa wengi hujibu kwa kumpa mtu uwezo wa leo, kisha kesho anamrudisha tena magotini.

Pia msidhani kwamba msaada wa Mungu utakuja daima kwa umbo la kiroho. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba pamoja na lile jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Mlango huo mara nyingi ni mdogo na haupendezi: mama anapiga simu wakati usiofaa, betri inakwisha, rafiki anakuja bila taarifa, usingizi unakushika. Wengi hukasirika mlango ukifunguliwa namna hiyo, na hawajui kwamba wanamkasirikia Mungu aliyewajibu. Yusufu aliposhikwa vazi na mke wa Potifa aliliacha mikononi mwake akakimbia nje. Miguu nayo iliitii imani yake. Aliyefungwa na pombe au dawa za kulevya, aombe na aende hospitali au kwa mshauri anayeijua kazi hiyo. Kumwona daktari si upungufu wa imani, na yeyote anayewaambia hivyo, hata akiwa na Biblia mkononi, msimsikilize.

Yakobo anasema pia, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Tafuta mtu mmoja. Si kikundi kizima, wala si wa kwanza kukutana naye. Awe mtu ambaye hujawahi kumsikia akieleza siri za wengine, na awe wa jinsia yako. Mwambie siku na saa yako ngumu, ili saa hiyo ikifika akutumie neno. Nimeona vijana waliopambana peke yao kwa miaka, wakapata pumzi mara tu mtu wa pili alipojua. Dhambi inayolindwa kwa usiri inapoteza nusu ya nguvu zake siku inapotajwa mbele ya ndugu anayekupenda.

Na sasa wewe uliyeanguka juzi, uliyeacha kuomba kwa sababu unajiona mnafiki. Barua hii nimeiandika zaidi kwa ajili yako. Unajiambia utarudi kwa Mungu ukishakaa safi kwa muda kidogo, ili uwe na cha kumwonyesha. Nani aliyekuambia uende kwake ukiwa na kitu mkononi? Waraka kwa Waebrania unatuambia tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, "ili tupewe rehema, na kupata neema ya kutusaidia wakati wa mahitaji." Wakati wako wa mahitaji ni huu. Kujitenga kwako hakumheshimu Mungu kwa namna yoyote, kunakuacha tu peke yako na kile kilichokuangusha. Omba leo, ukiwa na uchafu wako, kwa maneno mabaya kama hayo uliyonayo.

Nakurudisha kwa Petro. Kabla hajamkana Bwana, akiwa bado anajisifu, Yesu alikuwa ameshamwambia, "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Aliombewa kabla ya kuanguka, na kazi ya baadaye akapewa kabla ya kuanguka. Bwana aliijua ile asubuhi ya machozi, na bado akapanga kumtumia.

Mimi nawaombea kila alfajiri, na ningependa niwaombee kwa jambo lenye jina. Anayetaka aniandikie neno moja tu, hasira, picha, kamari, chuki, pombe, bila maelezo, na aniambie saa yake ngumu ni ipi. Sitauliza zaidi mpaka atake mwenyewe kusema. Saa hiyo nitakuwa naomba pamoja naye.

Ni mimi baba yenu katika Bwana,
Mzee wa kanisa