Abraham Ganz alikuwa fundi, sio mwekezaji

Mhariri, gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile stori ya Jumapili kuhusu Abraham Ganz, yule Mswisi aliyesubu magurudumu ya treni kule Hungary miaka ya 1800, imenishinda. Mmemuita "mwekezaji wa Uswisi" mara tatu. Mwekezaji gani? Yule alifika Pest (siku hizi ni sehemu ya Budapest) 1841 hana kiwanda wala nini, akaajiriwa kusubu, yaani kuyeyusha na kumimina, vyuma vya kinu cha kusaga nafaka, na 1843 wakati wa kumimina chuma akapata ajali akapoteza jicho. Baada ya hapo ndo akafungua kiwanda chake kule Buda, ng'ambo ya mto. Jicho hamjaligusa kabisa!

Magurudumu yake ya treni mmeyataja kwa mstari mmoja, wakati ndo utamu wenyewe. Kalibu, ile foma ya kumiminia chuma, ni ya mchanga ila pale gurudumu litakapokanyaga reli inawekwa pete ya chuma, ule uji wa chuma cha moto ukiigusa unapoa ghafla, ngozi ya nje inakuwa ngumu sana na ndani hapapasuki ovyo. Mpaka 1867, mwaka aliokufa, yalishatoka magurudumu 100,000.

Mi nasubu chuma miaka 19. 2014 kalibu ilikuwa na unyevu hatukujua, tulivyomimina ikalipuka ikaniunguza mguu wa kushoto, hospitali karani ananiuliza kazi namwambia fundi wa kusubu chuma, haelewi, kaandika "kibarua", nakuja kudai fidia kazini naonyeshwa lile karatasi naambiwa kibarua hana fidia, miezi minne nipo nyumbani nauguza mguu mama watoto anauza vitumbua ndo tunakula, kisa neno moja la karani. Sasa fundi akiwa hana kitu mnamwita kibarua, akifanikiwa mnamwita mwekezaji, fundi mwenyewe mtamwandika lini?

Na hii mifuniko ya chemba, inang'olewa usiku inauzwa vyuma chakavu, mashimo yanabaki wazi watoto wanatumbukia, halafu zabuni ya mifuniko mipya anapewa muagizaji wa nje wakati sisi tunaisubu hapahapa mtaani.

Naomba msahihishe, muandike FUNDI kwa herufi zilezile kubwa za kichwa cha habari. Na mwandishi aje kwetu Ijumaa saa kumi jioni, ndo tunamimina. Avae buti za ngozi na suruali ya pamba, nailoni inagandia mwilini.

Fundi wa kusubu, Morogoro