Zuhura, ngoma zako nimezisikia, sasa tuongee hiyo shoo ya mchango

Mwanangu Zuhura,

Marahaba mama. Voisi zako zote nimezipata, zile ndefu nimezirudia nikiwa nimetulia barazani maana mara ya kwanza mama yako alikuwa anakaanga samaki hata sikuambulia kitu. Sisi wazima. Bibi yako mguu umepungua kuuma, anauliza hiyo redio ya chuo wanakulipa au unawafanyia bure, nikamwambia bure, kila mtu pale anajitolea, akaguna tu akaendelea na tambuu yake.

Basi juzi nikakuvizia laivu. Saa nane mchana ya huko Minnesota ni saa nne usiku huku Tanga, nikajiunga bando mapema, nikachomeka ile spika yangu ya harusini, ikashika bila kukwama hata kidogo. Unajua redio ya kwanza kurusha matangazo yake kwa intaneti ilikuwa ya chuo kama hiyo yenu, WXYC ya North Carolina, Novemba 1994, enzi hizo mi natembea na begi la kaseti kutoka Ngamiani mpaka Chumbageni natafuta nani anaozesha nikampigie muziki harusini. Leo mtoto wangu anapiga ngoma Marekani na jirani ananigongea ukuta Tanga nipunguze sauti!

Kwanza nikupe sifa zako. Mpangilio wako ni mzuri, unajua kushusha na kupandisha, hukurupuki. Ila unaongea haraka mno, na jina la msanii unalimeza. Mtu yupo kwenye gari kasikia kitu kimempendeza, anasubiri umwambie ni nani, we unapitisha kama mtu anayekimbia mvua, afu unaingia ngoma nyingine. Muziki mpya shida yake ndo hiyo, hamna anayeujua, kwa hiyo jina liseme kabla, na ikiisha liseme tena taratibu. Na ile lafudhi uliyoanza nayo jamani, mama yako kaniuliza huyu ni nani. Ongea kama unavyoongea. Kutaja herufi za stesheni na mji kila saa inapogonga hukusahau, hapo nimekupigia makofi, maana najua ni sheria ya wale FCC, wasimamizi wa redio huko Marekani, ambao ni kama TCRA wetu.

Ule mwongozo wa PDF wa stesheni yenu ulionitumia nimeusoma wote, usishangae, mi mambo ya redio nayapenda kuliko mpira. Nimeipenda sana ile ya kibandiko. Kwamba albamu ikiingia mtu mmoja anakaa anaisikiliza yote, anaandika kwenye kibandiko inafanana na nini, nyimbo zipi za kuanza nazo, na ipi ina matusi isipigwe mpaka ifike saa nne usiku yenu, na kuanzia saa kumi na mbili asubuhi basi tena. Sisi tungekuwa na utaratibu huo kwenye maharusi ningeepuka aibu nyingi, kuna ngoma inaanza vizuri kabisa afu katikati mashehe wamekaa pale mbele… tuyaache hayo. Ninachosema hicho kibandiko kiandike wewe kwa masikio yako. Umesema promota wanawatumia maimeli kutwa, kila albamu ni bora ya mwaka, na mwenzako mmoja anakopi maneno ya promota anabandika. Huyo mkanye kishkaji. Msikilizaji wenu angetaka maneno ya promota angeenda kwa promota.

Sasa hili la singeli limenichekesha mpaka machozi. Eti bosi wenu wa muziki, kijana wa Wisconsin, ndo kakukalisha chini akakuwekea Sounds of Sisso, ile albamu ya singeli waliyoitoa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, na wewe mtoto uliyekulia Bongo unaisikia kwa Mzungu! Hapa nyumbani vijana wa bodaboda wakiiweka ulikuwa unaziba masikio unasema kelele. Haya, hongera, umefika.

Ila hapo hapo nina neno. Umesema mnaipeleka kwenye kasha la World, yaani muziki wa nchi za nje, na kwenye ripoti zenu za kila wiki kwa NACC, wale wanaopanga chati za redio za vyuo, mnaiweka kwenye chati ya World. Kwa nini? Singeli inatengenezwa kwa komputa, inakimbia kasi kuliko hiyo teknohausi yenu yote, ule ni muziki wa elektroniki, upeleke kwenye chati ya elektroniki ikapambane na Wajerumani. KMRU wa Nairobi hivyo hivyo, ile albamu yake ya 2020 ni sauti tupu zinazoelea, haina ngoma wala kayamba. Duma nao wa Nairobi ni metali ya kupiga makelele, waende kwa wenzao wa metali. MC Yallah wa Kampala anachana, ni hip hop. Mkiwatupa wote kasha moja kisa wametoka Afrika Mashariki, dijei wa kipindi cha hip hop hatoliona kamwe hilo jina, na yule wa Jumapili asubuhi anayepiga World atabaki nalo peke yake afu analiweka katikati ya filimbi za Peru. Lisemee hili kwenye kikao chenu cha muziki, usiogope, we ndo mwenyeji wa hayo mambo pale. Taarab ya Tanga sawa, Black Star na Lucky Star na sauti ya Shakila, hiyo waweke popote ilimradi waiweke.

Haya, shoo ya mchango. Nimefurahi wamekupa wewe usimamie, bendi nne za hapo hapo mjini, kiingilio dola au makopo ya chakula, na vyote vinakwenda kwenye stoo ya chakula ya wanafunzi. Kwanza sikujua kama Marekani kuna mwanafunzi analala njaa, nikamweleza mama yako akakaa kimya afu akaniuliza na wewe unakula? Mjibu mwenyewe kwenye simu, mi nimeshindwa.

Kilichonifanya niandike barua badala ya voisi ni lile ulilosema kama jambo dogo tu, kwamba meneja wa bendi moja kakubali wapige bure ila kauliza, tukipiga bure mtatupandisha kwenye mzunguko mkubwa, yaani nyimbo zao zipigwe mara nyingi hewani? Na wewe ukamjibu tutaona. Mwanangu, rudi ukamwambie hapana. Leo hii. Kwa maandishi.

Najua unaona ni ya heri, hamna hela iliyoingia mfukoni kwa mtu. Lakini kupiga bure ni kitu chenye thamani, na mkikipokea kwa ajili ya kupiga wimbo wake hewani bila kuwaambia wasikilizaji basi mmeuza nafasi, hata kama mlichouza mmekigawa sadaka. Wamarekani wana jina la hii kitu, payola, na wana historia nayo ya aibu: mwaka 1959 bunge lao lilianza kuwachunguza madijei, Alan Freed, yule aliyelipa umaarufu jina la rock and roll, akapoteza kazi mwaka huo huo, na 1960 ikaingia kwenye sheria. Na usidhani ni mambo ya kizee, Februari 2025 FCC walitoa onyo kwa stesheni kuhusu hili hili lako, wasanii kubanwa wapige shoo bure au kwa bei ya kutupa ili nyimbo zao zipigwe. Utasema yanaangaliwa makampuni makubwa sio watoto wa chuo, sawa, ila sheria haina saizi.

Na ukiacha sheria, fikiria kibandiko chako. Ukishaipandisha hiyo bendi kwa sababu walikuja kupiga, basi na zile ngoma nyingine zote ulizozichagua kwa haki zinaingia wasiwasi, mtu atajiuliza na hawa je, walitoa nini? Muziki wa wanafunzi nguvu yake yote ipo hapo, kwamba mtu alichagua kwa sababu alipenda. Pale Seattle, redio ya Chuo Kikuu cha Washington, KCMU ambayo sasa inaitwa KEXP, ilikuwa inapiga Nirvana kabla dunia haijawajua, na wale Bruce Pavitt na Jonathan Poneman wa lebo ya Sub Pop walikuwa wanaendesha vipindi hapo hapo. Walikuwa na bendi za mtaani kwao, wakazipenda, wakazipiga. Basi.

Kwa hiyo geuza mpango. Chagua bendi kutoka kwenye zile ambazo tayari mnazipiga kwa mapenzi, ambazo kibandiko kiliandikwa kabla shoo haijafikiriwa. Watu wamezisikia, wanajua wimbo, watakuja. Bendi isiyopigwa na mtu na inataka shoo ili ipigwe, ngoja nayo, waambie walete kazi ipite mlango wa kawaida kama wengine. Yule meneja akinuna anune, kuna bendi zitakazopiga kwa heri bila kuuliza. Mimi nimepiga maharusi ya yatima bila senti, na siku ya pili hakuna aliyenidai wala niliyemdai.

Kuhusu kutangaza hewani, soma tena kile kipengele cha mwongozo maana nadhani mmekipita. Kutaja tu kwamba kuna shoo, siku fulani, mahali fulani, mapato yanaenda stoo ya chakula, hilo halina shida. Kinachobana ni kusimamisha vipindi vyenu vya kawaida mkae hewani mnachangisha kwa ajili ya taasisi nyingine. Zamani stesheni zisizo za biashara zilikuwa mpaka ziombe ruhusa maalum, kama ile waliyopewa wakati wa kimbunga Katrina 2005 au tetemeko la Haiti 2010. Mwaka 2017 FCC wakalegeza, stesheni isiyopata ruzuku ya CPB, lile shirika lililokuwa linagawa hela za serikali kwa redio za umma, ikaruhusiwa kutumia mpaka asilimia 1 ya muda wake wa mwaka, ambayo kwa stesheni ya saa 24 ni kama saa 87 hivi. Ni nyingi sana, lakini muulize mlezi wenu hapo chuoni nyie mko upande gani kabla hamjafungua simu.

Afu heri sio lazima iwe hela. Hapo hapo kwenu Minnesota, KUOM ya chuo kikuu, mwaka 1946 polio ilipoingia shule zikachelewa kufunguliwa, mpaka maonyesho makubwa ya jimbo yakafutwa, wao wakawa wanawarushia watoto vipindi majumbani. Hakuna kiingilio wala jukwaa. Nimekipenda hicho kisa kuliko shoo zote. Kwa mfano mngeweza kila siku mkataja stoo inafunguliwa saa ngapi, ipo jengo gani, na kwamba hauulizwi maswali mengi. Huenda anayekusikiliza ndo mwenyewe mwenye njaa, kwa hiyo na pale jukwaani msije mkaongea juu ya "wale wanafunzi masikini" kwa sauti ya huruma, yule mtu yupo pale mbele anacheza, kalipa kiingilio chake.

Mengine haya ya kamati tunayajua wenyewe, umekulia kwenye vikao vya harusi, unajua ahadi na taslimu ni ndugu wasiofanana. Andikeni kinachoingia mlangoni palepale, watu wawili wakihesabu, makopo mahali pake na dola mahali pake. Gharama za spika ziamueni kabla, zinatoka kwenye kiingilio au stesheni inabeba, na kama zinatoka kwenye kiingilio semeni wazi kwenye bango. Wiki inayofuata ingia kipindini, taja ilipatikana ngapi, ilitumika ngapi, ilikabidhiwa lini. Hata kama ni kidogo. Tena kama ni kidogo ndo useme haraka zaidi, maana kimya kinazaa maneno. Na hotuba ziwe fupi aisee, mtu mmoja, dakika mbili, katikati ya bendi ya pili na ya tatu watu wakiwa bado hawajachoka, usiweke mwanzoni watu hawajafika wala mwishoni wameshaondoka.

Bibi anaomba salamu. Kasema zile za zamani, za kutaja majina yote, kwa hiyo nakutumia orodha kwenye voisi, ni ndefu, punguza majirani ila shangazi yako Mwanaidi usimruke nakuomba. Na kuanzia Novemba saa zenu zikirudishwa nyuma kipindi kitakuwa saa tano usiku huku, nitakuwepo, mama yako sijui.

Nitumie jina la mweka hazina wa hiyo shoo. Kama ni yule kijana uliyesema anachelewaga hata kipindi chake mwenyewe, badilisheni mapema.

Baba yako