Paka wangu anakakamaa usiku: ni kifafa, au ni ile dawa ya viroboto?

Daktari, habari za kazi. Nakuandikia kutoka Tanga. Barua itakuwa ndefu kidogo, unisamehe, nimeona nisifiche kitu.

Paka wangu Chausiku ni jike wa miaka 4, amefungwa kizazi, uzito wake kilo 3 na nusu. Anakula dagaa na vichwa vya samaki, na hatoki nje ya ua wetu. Hajawahi kuugua.

Jumamosi moja viroboto walimzidi, nikaenda kununua dawa ya unga. Muuzaji akanihakikishia kwamba inafaa kwa mnyama yeyote. Nikampaka mwili mzima. Kesho yake, saa tano usiku, nikasikia kucha zinakwaruza sakafu. Kuwasha taa, namkuta kalala ubavu, kakakamaa kama ubao, kisha miguu yote minne ikaanza kwenda kama anaogelea. Mate yanamchuruzika, mboni zimetanuka, mkojo umemtoka. Nikimwita hasikii. Alipozinduka akawa anajigonga ukutani kama kipofu, halafu akala kwa pupa kama aliyeshinda njaa siku tatu.

Asubuhi ndipo nikausoma ule mkebe vizuri. Una picha ya mbwa, dawa iliyomo ni permethrini, na kwa herufi ndogo sana wameandika isitumike kwa paka. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo huku nalia. Mkebe nikautupa siku ile ile, nikajua yameisha.

Wiki 3 baadaye yakamrudia, yale yale. Hapo ndipo akili yangu imekwama. Sumu ile inaweza kukaa mwilini muda wote huo? Au iliacha jeraha kwenye ubongo? Au alikuwa na ugonjwa wake tangu zamani na dawa ikaangukia tu siku hiyo?

Mara hiyo ya pili mama yangu alikuwepo. Kwa kumwonea huruma akamtia kijiko mdomoni asijing'ate ulimi, akaumwa kidole. Tulikiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, asubuhi akaanza sindano za kichaa cha mbwa. Chausiku alichanjwa mwaka juzi, ila chanjo ya mwaka jana ilinipita, na hilo najilaumu. Muuguzi alituambia tumwangalie siku 10. Akiwa hai na mzima, basi siku alipouma mate yake hayakuwa na virusi. Leo ni siku ya 16, anakula na kujilamba kama kawaida. Hata hivyo majirani wanasema ana kichaa, wengine wanasema ana shetani, na wawili wamekuja mlangoni kunitaka nimuue. Nimekataa.

Juzi yalimpata tena, nikarekodi kwa simu: dakika 1 na sekunde 40. Tena siku mbili hizi akiwa macho kabisa, upande mmoja wa uso unamchezacheza na mdomo unatafuna hewa, sekunde chache tu, kisha anaendelea na mambo yake. Je, hicho nacho ni kifafa? Au moyo unaweza kumwangusha paka namna hii?

Bwana mifugo wa kata yetu ni mtu mwema, kazi yake ni ng'ombe na kuku. Alinieleza wazi kwamba paka mwenye hali hii hajawahi kumtibu, akanishauri nimpeleke hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Nauli nitaitafuta. Ninachoogopa ni safari: basi, joto, kelele, naye yumo kikapuni. Yakimpata njiani nifanye nini? Na yakipita dakika 5 usiku wa manane hapa Tanga, nikimbilie wapi?

Jambo la mwisho, na hili naomba unijibu kwanza. Binamu yangu ana kifafa na anatumia fenobabitoni. Ndugu wananisukuma nimkatie Chausiku nusu kidonge. Sijampa, kwa sababu nilishamwekea mara moja dawa isiyo yake. Lakini kama dawa hiyo hutumika kwa paka pia, nani anaweza kunipimia kiasi chake, na kabla ya hapo damu yake ipimwe nini: ini, figo, sukari?

Video ninayo, nikielekezwa pa kuituma nitaituma leo hii.

Mama Chausiku,
Tanga